Mwanangwa wa Mwisho wa Kalungwe

Mwaka 1955 karani wa baraza, Ambrosi, alipita Kabungu na daftari la mistari. Alikuwa ametumwa kuorodhesha vijiji vya zamani, vile vilivyohamwa serikali ilipowakusanya watu pamoja kwa sababu ya malale. Kila kijiji kilipewa mstari mmoja: jina, mahali kilipokuwa, na mwanangwa wake wa mwisho, yaani mkuu wa kijiji.

Zamu ya Kalungwe ilipofika, Cletus alisimama. Alikuwa likizo kutoka mgodini Mpanda, na alikuwa amevaa viatu.

"Mwanangwa wa Kalungwe alikuwa baba yetu, Luhende."

Watu walitazamana. Dada yake, Dafrosa, aliendelea kumenya karanga. Kalungwe ilihamishwa akiwa na miaka minane, na hakukumbuka kiumbe yeyote aliyewahi kumtii baba yao, pamoja na mbuzi.

Gelasius, mjumbe wa baraza, alisema kwa upole kwamba mwanangwa alikuwa baba yake yeye, na kila mtu anajua.

"Nyumba ya mwanangwa hukaa katikati ya kijiji," alisema Cletus. "Tutakwenda kuangalia."

Ambrosi aliwapa hadi Jumamosi.

Walitembea siku moja na nusu. Cletus alivua viatu kwenye kijito cha kwanza. Kalungwe ilikuwa imebaki nyasi, vigae, na duara za sakafu ambapo nyumba zilisimama. Dafrosa alipatambua kwao kwa mwamba uliopasuka, ule aliowahi kuangukia akabaki na kovu kidevuni. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabisa, nyuma ya mazizi, ukingoni mwa kinamasi.

Cletus aliizunguka mara mbili. "Labda kijiji kilianzia upande huu," alisema.

"Upande huu ni matope, Cletus."

Wakarudi Kabungu. Walipofika, Dafrosa alikwenda peke yake kwa bibi Lusia, mtu pekee aliyebaki hai kati ya waliokuwa watu wazima Kalungwe ilipohamishwa. Alimkuta anapepeta ulezi.

"Baba yako alikuwa mpagazi," alisema bibi Lusia. "Msafara wao ulimwacha kwetu kwa sababu ya funza. Miguu ilikuwa imevimba kama maboga. Alipopona akamwoa mama yako, tukampa kiwanja kule chini ambako hakuna aliyekutaka."

"Basi hakuwa mwanangwa."

"Alikuwa. Siku sita."

Dafrosa akakaa chini.

Bibi Lusia alieleza bila kuacha kupepeta. Mzungu wa malale alipokaribia, zilivuma habari kwamba mwanangwa ambaye watu wake watakataa kuhama atafungwa. Asubuhi hiyo mwanangwa wa Kalungwe alikwenda porini kutafuta dawa ya mgongo. Mzungu akauliza mkuu ni nani. Watu wote wakaangalia chini. Luhende alijua Kiswahili cha safari, kwa hiyo wakamsukuma mbele. Akaandikwa, akapewa karatasi yenye mhuri, akaambiwa awapeleke watu Kabungu.

"Alipita nyumba kwa nyumba siku mbili, akiomba tufunge mizigo. Halafu siku tatu akatangulia mbele, na miguu ile. Mwanangu Felisiani alikuwa mgonjwa, akambeba yeye. Hakupotea mtu. Siku ya sita mwanangwa akatoka porini. Baba yako akampa karatasi yake, akamwomba radhi kwa kuishika."

"Mbona hakuna aliyetusimulia, bibi?"

"Nani angesimulia, mwanangu? Wote tulikuwa tunaangalia chini."

Dafrosa alimsaidia kupepeta mpaka ulezi ukaisha. Alijaribu kukumbuka kama aliwahi kumwosha baba yake ile miguu. Hakukumbuka.

Jumamosi Cletus, aliyekwisha kusimuliwa yote na kuchukizwa na neno mpagazi, alibaki ameketi. Dafrosa ndiye aliyesimama.

"Andika baba yake Gelasius," alimwambia Ambrosi. "Halafu andika kwamba siku ya kuhama hakuwepo, na watu waliletwa na Luhende."

"Mama, mstari ni mmoja."

Gelasius alikohoa. Alisema kwamba, maadamu mstari ni mmoja, na habari yenyewe ni ndefu, yeye haoni ubaya akiandikwa Luhende peke yake.

Ambrosi akaandika Luhende. Cletus akashusha pumzi.

"Ongeza mpagazi," alisema Dafrosa.

"Nafasi imekwisha, mama."

"Andika kwa herufi ndogo."

Ambrosi aliandika kwa herufi ndogo, akapuliza wino ukauke. Cletus alirudi Mpanda kesho yake na kumuaga dada yake kwa mbali.

Baadaye Dafrosa aliwaita wanawe, akawasimulia babu yao alivyofika katika nchi hii. Alianzia kwenye funza. Watoto walicheka sana kusikia habari za miguu kama maboga, naye akawaacha wacheke wamalize, kwa sababu safari yenyewe ilikuwa bado.