Kazi Kumi na Moja

Siku niliyoitwa shuleni nilivaa koti nililopokelea cheti. Masomo ya jioni niliyamaliza nikiwa na miaka arobaini na mitatu, na sikutaka mwalimu wa sayansi adhani anazungumza na mtu wa kuburuzwa. Alikuwa na umri wa marehemu binti yangu, mama wa mjukuu niliyekwenda kumtetea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Twende kwenye jambo lenyewe."

Akanigeuzia kompyuta. Mbele ya jina la mjukuu wangu palikuwa na visanduku kumi na kimoja, vyote vitupu.

"Muhula mzima hajaleta kazi hata moja. Na alama hizi ndizo zinazoamua nani aingie darasa la sayansi."

"Anazifanya mezani kwangu, katikati ya saa za watu ninazotengeneza. Namwona. Miwani hii sikuivaa kwa urembo."

"Sikatai, mzee. Lakini hazijanifikia."

"Basi mtambo wenu ni mbovu. Sisi daftari tulibeba kwapani, na halikupotelea njiani."

"Za wenzake thelathini na tisa zinafika. Za kwake tu ndizo zipotee?"

"Kwa hiyo mtoto wangu mwongo?"

"Sijasema hivyo. Yeye mwenyewe amesema ni uvivu wake."

Hapo nilisimama. Mtoto yule ana mengi, ila uvivu hana. Nikamwambia mwalimu kwamba amemtisha mpaka akakiri asilolitenda, na kwamba nikitoka hapo naingia kwa mkuu wa shule. Mwalimu mwingine aliyekuwa akisahihisha pembeni, kikombe cha chai mkononi, akajifanya hasikii.

Mwalimu wa sayansi hakupandisha sauti. Aliniomba simu. Nyumbani tuna hiyo moja tu, na ni yangu; hukaa kwenye droo ya bisibisi ndogo. Mjukuu nampa kila alasiri atume kazi za shule. Akisema, "Nimemaliza, babu," naipokea na kuizima papo hapo, kama mtu anavyozima jiko chungu kikishaiva.

Kazi zote kumi na moja zilikuwamo humo. Kila moja ilikuwa na alama nyekundu ubavuni.

"Amebonyeza, lakini hazijaondoka," alisema. "Zina michoro na picha, na mtandao wa mitaani kwenu unatembea kwa mkongojo. Simu inatakiwa ibaki inawaka kama robo saa. Kuna mtu anaizima?"

Nilikumbuka wiki ya kwanza ya muhula. "Babu, iache kidogo," aliniambia. Nami nikamwonyesha cheti ukutani. Nikamwambia nilisoma kwa kibatari na sikuacha kitu kikawaka bure, tena mtoto hamfundishi fundi saa habari za muda. Hakurudia tena. Aliona afadhali aitwe mvivu kuliko babu yake aonekane hajui.

"Ni mimi," nilisema. Neno lilinitoka kama jino.

Mwalimu aliiunganisha simu na mtandao wa shule. Laiti angenicheka.

"Zitume sasa hivi," nikamwambia.

"Nitazituma, na nitazisoma zote. Lakini majina yalikwenda jana, mzee. Darasa limejaa."

"Andika kwamba kosa ni la babu."

"Nitaandika. Kama kuna atakayesoma, sijui."

Nilikaa pale nikizitazama zikiondoka moja baada ya nyingine. Kwa mtandao wa shule, zote ziliisha kabla chai ya yule mwalimu mwingine haijapoa. Kwa mkuu wa shule sikwenda.

Nyumbani nilimkuta mjukuu anafuta meza. Maneno niliyoyapanga njia nzima yalinikimbia. Nikamwekea simu mbele yake, inawaka.

"Mwalimu amezipata zote," nilisema. "Nafasi ndiyo hakuna. Nimemwambia ni mimi."

"Haidhuru, babu."

Aliitazama simu kwa muda. Kisha akaizima, akairudisha kwenye droo ya bisibisi, akaisukuma taratibu mpaka ikajifunga, kama nilivyomfundisha.