Mchango wa Mikono

Bagamoyo nzima, kuanzia Kaole mpaka kule Mkange, hakuna kijana anayejua kubana matumizi kama mimi, Mikdad. Kidato cha nne nilipata B ya Biashara, na ndimi niliyeandika bajeti ya nyumba siku mama alipotuita mkekani, mimi na mdogo wangu Dija, akatuambia ukweli: tunadaiwa laki sita na Mzee Mtoro, mkopeshaji wa mtaa wa pili, na dhamana ni cherehani.

Cherehani hiyo ndiyo inayotulisha. Ikienda, tumekwenda nayo.

Nyama nikaifuta. Sukari nikaikata nusu. Ada ya king'amuzi nikaitupa nje. Mama akaisoma karatasi taratibu.

"Mbona bando la simu yako halijaguswa?"

"Hilo la kikazi, mama. Mimi fundi simu."

Dija akacheka mpaka akalala chali.

Mama akaikunja karatasi, akawashia mkaa. Kisha akaanza bajeti yake isiyo na karatasi. Nazi moja aliifanya ng'ombe mzima: tui la kwanza kwenye wali wa mchana, la pili kwenye mchicha wa jioni, machicha wakala kuku, vifuu vikachemsha chai, na makumbi yakasugua sufuria. Nilikuwa nakaa jikoni namwangalia kama naangalia mazingaombwe.

Lakini kilichotufikisha kwa Mzee Mtoro hakikuwa nazi. Ni harusi. Mwaka jana peke yake sare sita, michango sita, na nani akubali aonekane hana? Mama alikopa ili asisemwe, akakopa tena kulipa alichokopa.

Basi akavaa baibui, akapita mtaa mzima nyumba kwa nyumba. Nilimfuata nyuma nikitamani ardhi ipasuke. Kila mlango maneno yaleyale: "Shoga yangu, mpaka nimalize deni, sare sinunui, pesa sitoi. Mchango wangu ni mikono. Niite alfajiri, nitakuna nazi, nitachambua mchele, nitaosha masufuria."

Bi Mgeni, katibu wa shughuli zote za mtaa, akambeza: "Hee, Hajra! Siku hizi na mikono inaingia kwenye daftari?"

"Iandike. Mikono miwili."

Na ikaandikwa! Wallahi nililiona kwa macho yangu: *Hajra, mikono miwili*, katikati ya elfu hamsini za watu.

Miezi saba mama alikwenda harusini na khanga ya mwaka jana, akapita uani motoni. Mwanzo walimcheka. Baadaye wakagundua kuwa akiwepo yeye pilau haliungui, wala nyama haipotei njiani. Kufika Shaabani, harusi zinapogombaniana kabla ya Ramadhani, wanawake wawili wengine nao walikuwa wameandikwa mikono. Mimi ninayemtania kila mtu, kwa mama sikupata la kutania. Mtu anasimama mbele ya mtaa mzima anasema "sina", na badala ya kupungua, anarefuka!

Deni likashuka mpaka likabaki elfu arobaini. Mwisho Jumatatu.

"Mikdad baba," mama akaniuliza siku ya Alhamisi, "wiki hii umepata chochote?"

"Mama, kumekauka. Hata kioo kimoja sijabadilisha."

Jumamosi ikawa harusi ya rafiki yangu Sharifu. Wiki hiyo ilipoanza, kwenye kundi letu la WhatsApp majina yote yalikuwa na alama ya kulipa isipokuwa langu, na mwenzetu Amiri kila asubuhi alikuwa ananiandikia: "Vipi, na wewe mikono?" Wenzangu wakacheka mpaka kushika mbavu!

Nikaenda na shati jeupe lililopigwa pasi. Kabla ya kuingia ukumbini nikapita uani kumsalimia mama. Alikuwa kwenye kigoda, povu mpaka viwikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umependeza."

Hapo Bi Mgeni akatokea na daftari kwapani, meno nje.

"Hajra, umezaa mwanamume! Wenzake wanasumbua mpaka nawafuata majumbani. Huyu Jumatano kanitumia mwenyewe kwa simu, elfu hamsini, zote kwa mpigo! Njoo ukae meza ya mbele, mwanangu."

Kumbi la nazi likasimama ndani ya sufuria.

"Jumatano?" mama akauliza.

"Jumatano, saa nne asubuhi. Nimeandika."

Mama akaniangalia, na mimi nikaangalia kuku wa watu waliokuwa wakidonoa ukoko. Kweli ilikuwa rahisi: alichoweza kukistahimili yeye mbele ya mtaa mzima miezi saba, mimi sikukiweza mbele ya Amiri siku nne.

"Bi Mgeni," mama akasema, "futa hiyo hamsini, mrudishie. Jumatatu ina mwenyewe. Mwandike mikono miwili."

Bi Mgeni akatuangalia mmoja mmoja, tabasamu likamshuka. Akafungua daftari, akafuta. Lakini kabla ya kuandika, akanishika viganja, akavigeuza juu chini mbele ya wapishi wote, akavibonyeza kama anayenunua maembe.

"Hii, Hajra," akasema, "naandika nusu."