Namba ya Nne kwa Mkono wa Kushoto

King'ora cha saa kumi kilipolia, Kasonde Zéphirin alirudi kutoka zahanati ya kambi, akavua koti lake jeupe la uuguzi, akalitundika kwenye msumari, kisha akatandika magunia matatu matupu katikati ya ua. Mkewe Mwaba, mwenye mimba ya miezi minane, akausogeza mbabula, jiko lao la makaa, hadi ukutani usije ukapigwa teke. Binti yao Clotilde, mwenye miaka kumi na saba, akakaza kitenge chake na kusimama juu ya magunia. Ndivyo jioni zilivyoanza kwao Agosti ile ya mwaka 1947, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, Élisabethville.

Kasonde alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na sanduku la bati na namba kumi na mbili. Nne zilitoka kwenye mieleka ya utotoni kwake, kandokando ya Luapula. Nne zilikuwa ngumi za sajini mmoja Mskoti. Nne za mwisho zilikuwa jujitsu waliyofundishwa askari wa Kiingereza, naye akaiiba kwa macho kutoka mlangoni mwa hema la hospitali huku akichemsha sindano. Aliziunganisha zote kuwa mfululizo mmoja, moja hadi kumi na mbili, na hakuruhusu hata unywele ubadilishwe. Katika mfululizo huo adui hukamata kwa mkono wa kulia. Jeshini ni hivyo, alisema, na mtu asiyefuata utaratibu hafai hata kuwa adui.

Kwa kawaida yeye mwenyewe angekuwa adui, lakini mgongo wake uliharibika kwa kubeba machela. Kwa hiyo Clotilde alijizoeza na hewa. Baba alisema hewa inatosha.

Jumatatu ya pili, hewa ilimkamata.

"Numéro quatre!" Kasonde alikuwa ameita namba ya nne kwa Kifaransa. Clotilde akautanguliza mkono wake wa kushoto, kama alivyofundishwa, akangoja. Ngozi ikabonyea kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mashimo manne tu ndani ya nyama, kidole gumba kimoja na vingine vitatu, nayo yalikuwa yanakaza.

"Papa, inanikamata huku."

Kasonde akavaa miwani yake, akapima nafasi kati ya vidole kwa utepe wa zahanati. "Ile mukono inakosea," akasema kwa ukali. "Mu jeshi tunakamata na kuume. Ngoja, itajirekebisha."

Waliingoja. Haikujirekebisha. Clotilde alianza kulia kwa maumivu, ndipo ikamwachia.

Delphine, jirani yao, alikuwa amekuja kuomba chumvi. Akasimama na kikombe chake, akautazama ule mkono uliovimba kama mtu anayesoma barua ya ndugu yake.

"Ile mukono miye naiyua," akasema. "Inakosa kadole ka mwisho. Ni ya Bwana Polepole." Akapandisha mkono wa blauzi yake. Mashimo manne yalikuwa pale, ya zamani, yamegeuka rangi ya manjano.

Bwana Polepole, Mzungu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa kambi. Watu walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kupaza sauti. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikatwa na mlango wa behewa. Kila Jumamosi aligawa posho katika magazini, yaani ghala la kampuni: unga, maharagwe, samaki wakavu na mafuta ya mawese, akiita namba za tikiti moja baada ya nyingine. Baadhi ya wanawake aliwaambia waingie ndani wakauone wenyewe uzito wa unga wao, na mlango ukafungwa. Wanawake wote walijua. Wanaume hawakuwa wameambiwa, kwa sababu mwanamume akiambiwa atafanya nini?

Kasonde akamgeukia mkewe. Mwaba alikuwa anakoroga bukari, ugali wa jioni. Hakuinua kichwa.

"Mwaba."

"Bukari haingojeki, baba Clotilde," akasema, akaendelea kukoroga mpaka bukari ikawa ngumu kuliko inavyolika.

Usiku ule Kasonde hakulala. Malalamiko yalipokelewa Alhamisi kwenye dirisha dogo la ofisi ya kambi, na aliyekaa nyuma ya dirisha hilo ni Bwana Polepole. Aliyemuudhi alipewa saa ishirini na nne aondoke katika nyumba ya kampuni, kitabu chake cha kazi kikiwa kimepigwa mhuri unaomfungia kila mlango. Kasonde alijua njia tatu za kuvunja mkono wa mtu, na kila asubuhi alimvulia kofia mtu yule. Alikuwa anaogopa. Aliogopa kuliko alivyoogopa Burma, maana kule angalau aliruhusiwa kukimbia mabomu.

Kesho yake akakubali kosa lake. Aligeuza namba zote kumi na mbili zikawa za adui wa mkono wa kushoto, kazi iliyomuuma kama kung'olewa jino.

Wanawake wakaanza kuja. Walikuja na vikapu, kana kwamba wanakwenda sokoni, wakapanga mstari uani. Mkono uliwakamata kwa kufuata namba za tikiti zao za posho. Mujinga, mke wa seremala, alijipenyeza mbele kwa sababu ameacha mtoto na homa, akanyoosha mkono, akangoja bure. Ilibidi arudi mahali pake, nyuma ya mia moja na tisini na nane. Waliokwisha kujifunza walimwangusha yule asiyeonekana, vumbi likaruka, na chini pakabaki alama ya mwili mkubwa na kofia pembeni. Kuku waliizunguka alama ile. Mwaba aliifagia kila jioni.

Jumamosi wakaenda kumtazama kama anachechemea. Hakuchechemea. Alikuwa amenyoa vizuri, na hakuna mahali palipomuuma. Wanawake wakarudi na posho zao, na siku ile hakuna aliyecheka.

Jumamosi iliyofuata miguu ya Mwaba ilikuwa imevimba, hakuweza kusimama juani. Posho haikuruhusiwa kuchukuliwa na jirani. Ilikuwa mke au mtoto mkubwa, ama wiki nzima bila unga. Clotilde akachukua kikapu na tikiti namba mia mbili na kumi na mbili.

"Ukimaliza, usikimbie," baba yake akamwambia. "Kukimbia haiko mu namba."

Dirisha la zahanati lilitazamana na magazini. Kasonde aliweka sindano motoni, akasimama pale. Aliona mstari ukipungua. Alimwona binti yake akifika mbele. Alimsikia Bwana Polepole, kwa ile sauti ya upole, katika Kiswahili chake cha kazini: "Mia mbili kumi na mbili. Wewe iko mupya. Ingia, ona kilo yako." Mlango ukafungwa. Maji ya sindano yakachemka, yakapungua, yakakauka, sufuria ikaanza kunuka, naye hakuisikia harufu ile.

Ndani, Clotilde aliweka kikapu chini. Mkono ulikuja kwenye kifundo chake cha kulia, mahali pale pale, vidole vinne, ukiwa sasa na joto na nywele. Tofauti ilikuwa hiyo tu. Akafanya namba ya nne. Bwana Polepole akaanguka kati ya magunia, na kitu mkononi mwake kikalia kama kuni kavu. Clotilde akachukua unga wake, akauweka kikapuni, akasahau maharagwe, akafungua mlango, akatoka akitembea. Alitembea hivyo hadi nyumbani. Alipofika alitapika nyuma ya nyumba.

Mwaba akaanza kufunga vyombo. Lakini Bwana Polepole hakwenda kwa polisi. Angelazimika kutaja aliyemwangusha. Alikwenda zahanati, na Kasonde akamnyoosha mfupa, akamfunga plasta, akifanya kazi safi kwa sababu hakujua kufanya nyingine.

"Nilianguka ku magunia," Bwana Polepole akasema taratibu.

"Ndiyo, Bwana," Kasonde akasema, akaandika hivyo kwenye daftari la wagonjwa.

Mkubwa wa mkono mmoja haandiki tikiti. Kampuni ikamwahishia likizo yake ya Ulaya, na Jumatano akapanda treni. Jumatano hiyo hiyo Mwaba akajifungua mtoto wa kike.

Jumamosi hiyo karani mmoja akagawa posho na mlango wazi. Alasiri Delphine akaleta munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, ndoo nzima. Wanawake wakajaa uani, wakaimba, wakamsifu Clotilde mpaka akaficha uso. Magunia yalikuwa yametandikwa kwa mazoea tu. Mujinga, kwa utani, akaruka juu yake na kupaza sauti: "Numéro quatre!"

Ngozi yake ikabonyea.

Nyimbo zikakoma. Safari hii ilikuwa kifundo cha kushoto. Kasonde akavaa miwani, akainama. Vidole vilikuwa vitano, vyembamba, vya kijana, na kimoja kilikuwa na pete. Mkubwa mpya wa kambi alikuwa bado ndani ya treni, hajafika hata Sakania, kituo cha mpakani.

"Huyu anakamata na kuume," Kasonde akasema. Ule ndio uliokuwa mfululizo wake wa kwanza, usiobadilishwa hata unywele, na alitamani asiuone tena maishani mwake. Akavua miwani. "Tunarudia tangu mwanzo. Numéro un."

Wanawake wakaweka vikombe chini, wakapanga mstari kwa namba za tikiti. Mwaba, akiwa na mtoto wake wa siku tatu mgongoni, akasimama mahali pake, nyuma ya mia mbili na kumi na moja.