Injini ya Gari la Mkate

Asubuhi ya siku ya kupeleka ng'ombe mlimani, Arlys Tveit alifungua mlango wa pikapu akaikuta chupa. Ilikuwa chupa ya soda ya plastiki, imejaa nusu, na ndani yake mate ya tumbaku ya kutafuna, meusi kama kahawa iliyolala. Hakuwa na haja ya kuuliza ni ya nani. Watafuna tumbaku walijaa wilaya nzima, lakini ni Duane peke yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa na tabia ya kuacha mate yake kwenye gari la mtu mwingine. Arlys aliishika chupa kwa vidole viwili akaitupa pipani, kisha akanawa mikono mara mbili kwenye bomba la farasi. Bado alijisikia mchafu.

Siku yenyewe haikuwa ya kuanza kwa kinyaa. Ilikuwa tarehe mosi Julai, na kabla jua halijazama ng'ombe wake tisa walitakiwa wawe wamepita kwenye geti la malisho ya serikali, juu kabisa ya Milima ya Bighorn, mbele ya macho ya mlinzi wa msitu. Mwaka uliopita hawakupanda, maana mumewe Gaylen alikuwa kitandani anakufa na hakuna aliyekuwa na akili ya ng'ombe. Sheria ilikuwa fupi: misimu miwili mfululizo bila ng'ombe, ruhusa ya malisho anapewa mwingine. Ruhusa ile ilikuwa ya akina Tveit tangu babu yake Gaylen. Bila majani ya mlimani, shamba la bondeni hukauka ifikapo Agosti, na mwenye shamba lililokauka huuza ng'ombe, kisha huuza shamba, kisha huhamia mjini kukaa dirishani. Arlys alikuwa na miaka sitini na mbili na hakuwa tayari kwa dirisha.

Kwa hiyo pikapu ilikuwa ndiyo kila kitu. Gaylen aliinunua ikiwa na mwaka mmoja, na sasa ilikuwa na umri wa mtu mzima mwenye watoto. Fremu ilikuwa nzima, ekseli ya nyuma nene, lakini injini yake ya petroli ilikuwa imekufa kifo cha kawaida: ilichemka mlimani mara moja zaidi ya ilivyoweza kuvumilia. Majira yale ya baridi Arlys alikaa na daftari mezani akatafuta injini nyingine, na wanaume wa mgahawani, ambao hawakuwahi kumshauri hata juu ya rangi ya pazia, wote wakageuka mafundi. Huyu alitaka petroli kubwa ya silinda nane. Yule alitaka ya mashindano, yenye vifuniko vya kung'aa. Wote walihesabu nguvu za farasi kwa sauti ya juu, utafikiri wamewazaa wao hao farasi.

Arlys alichagua injini ya gari la mkate. Alikwenda mpaka mji wa Billings kwenye uwanja wa magari mabovu, akaikuta imelala ndani ya gari la kusambaza mikate lililogongwa nyuma, ya dizeli, silinda nne tu, nzito kama kinu. Kwenye kona ya gari bado kulikuwa na andazi lililogeuka jiwe. Injini ile ilikuwa imesimama na kuondoka mlangoni mwa maduka maelfu ya mara na haikuwa imechoka. Haikimbii, na hiyo ndiyo sifa yake. Inazunguka polepole, inavuta tangu chini, na haina haja ya kupiga kelele ili isogeze mzigo. Wanaume wa mgahawani walicheka mpaka kahawa ikawatoka puani. Wakamwita Mama Mkate. Arlys aliwaacha, maana aliyewahi kuvuta trela lenye ng'ombe kupanda mlima anajua kwamba mlima hauulizi una farasi wangapi, unauliza utavumilia kwa muda gani.

Shida ilikuwa moja: mashine ya kunyanyulia injini ilikuwa ya Duane, na banda la kufanyia kazi lilikuwa la Duane. Kwa hiyo wakafanya kazi pamoja. Na kwa kusema haki, alifanya kazi. Walichomelea mikono mipya ya kushikia injini kwa sababu ile ya silinda nne hutetemeka kama mtu mwenye homa. Wakaweka rejeta kubwa, springi nzito za nyuma, breki za trela, na geji ya kupimia joto la moshi, kwa kuwa injini ya dizeli ikilishwa mafuta kupita kiasi moshi wake huchemka na kuyeyusha pistoni. Mwishoni Arlys alitoa kichupa cha rangi ya kucha, cha waridi, alichokinunua kwa ajili ya harusi ya mpwa wake na hakukitumia tena. Akachora mstari mmoja juu ya skrubu ya pampu ya dizeli, ile inayoongeza na kupunguza mafuta, na nati yake. Mstari ukinyooka, pampu iko pale ilipotakiwa iwe. Ukikatika, kuna mkono umepita.

"Shemeji, unaipaka kucha injini?" Duane aliuliza, akatema kwenye chupa.

"Naipamba isije ikakuonea wivu wewe."

Wakacheka. Siku hiyo walicheka kweli.

Katikati ya Juni zilikuja sherehe za mji, na pamoja nazo mashindano ya pikapu kuvuta sanduku la chuma uwanjani, hatua mia moja hivi, basi. Duane alikuja kuomba gari. Alisema ni kwa kumkumbuka Gaylen, na mjane wa karibuni hamnyimi kitu mtu anayemtajia marehemu. Akampa ufunguo. Siku ya mashindano Arlys akakaa kwenye benchi pamoja na wazee wa kanisa, na mbele yao meza ya pai zilizopikwa kwa ajili ya mnada. Pikapu ya mumewe ikasogea mstarini. Duane akakanyaga mafuta, na kutoka kwenye bomba likapanda wingu jeusi, zito, la mafuta mabichi yasiyoungua. Upepo ukalileta lote benchini. Mama mzee wa jirani alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Pai za cheri ziliota masizi juu kama ukungu. Na watu wakashangilia. Hicho ndicho kilichomchefua Arlys zaidi ya moshi, kwamba watu wazima wenye mashamba na madeni ya benki walisimama juu ya viti wakishangilia uchafu.

Duane alipata nafasi ya pili na utepe mwekundu. Arlys hakungoja apongezwe. Alimwambia uso kwa uso kwamba amegusa pampu, na airudishe ilivyokuwa, mstari kwa mstari, kabla ya tarehe mosi. Duane akainua mikono kama mtu aliyeshikiwa bunduki. Baada ya siku nne akarudisha gari, akasema kazi imekwisha, mstari umekutana na mstari. Akapewa pai nzima na nyama ya kuoka ya kulisha familia, maana kule msaada wa ndugu haulipwi kwa pesa.

Na Arlys hakufungua boneti. Hapa ndipo mgeni angemwona mjinga, lakini mgeni hakuzaliwa kule. Mtu akikufanyia kazi bure, akakutazama machoni akasema imekwisha, hufungui boneti kukagua. Kufungua ni kumwita mwongo, na ukimwita jirani mwongo, majira ya baridi gari lako likikwama kwenye theluji atapita akitazama upande wa pili. Kwa adabu hiyo watu wameishi miaka mia, na kwa adabu hiyo hiyo wapumbavu wamefichwa miaka mia. Arlys alipita mbele ya pikapu mara kumi wiki ile, na mara zote mkono wake ulikataa kufika kwenye komeo.

Basi tarehe mosi ng'ombe tisa walipakiwa. Ilichukua nusu siku, kwa kuwa ng'ombe hajui kalenda. Duane aliahidi kufuata nyuma na gari lake kusaidia kushusha.

Maili za kwanza za mlima zilikwenda vizuri. Kisha barabara ikainuka kwelikweli, na kwenye kioo cha pembeni Arlys akaona moshi mweusi. Akatazama geji ya joto: sindano ilikuwa katikati, imetulia, haina habari. Duane alikuwa amemwambia masizi ya sherehe bado yanajisafisha. Akaiamini geji, akapandisha. Kwenye kona ya tatu injini ikaanza kugonga, moshi ukageuka wa kibuluu, na ndani ya gari ikaingia harufu ya chuma kilichoungua, harufu ambayo mtu akishaisikia mara moja haisahau. Akasogeza gari pembeni likafa lenyewe kabla hajalizima. Nyuma ng'ombe walianza kulia kwa joto.

Akaweka mawe kwenye magurudumu. Kisha akafungua boneti.

Mstari wa rangi ya kucha ulikuwa umekatika vipande viwili, na kimoja kilikuwa kimezungushwa karibu duara zima kutoka kwa mwenzake. Wala hilo halikuwa baya kuliko yote. Kile kidude cha kupimia joto, walichokifunga pamoja mbele ya turbo mahali penye moto, kilikuwa kimehamishwa nyuma kabisa kwenye bomba, ambako moto umeshapoa. Uwanjani Duane hakutaka sindano imtishe, na baadaye akaona uvivu kukirudisha. Tangu bondeni Arlys alikuwa ametazama geji iliyofundishwa kusema uongo. Alimwonea Duane kinyaa. Akajionea kinyaa na yeye mwenyewe, kwa pai aliyomlipa. Akafunga boneti taratibu, akafuta mikono.

Duane alifika baada ya dakika ishirini na pikapu yake mpya iliyong'arishwa. Arlys hakumwambia alichokiona. Alimwambia tu afunge trela kwenye gari lake wapande, jua halingojei. Duane akakuna shingo. Ndipo akakiri kwamba gari lake halina ndoano ya kuvutia. Aliitoa, alisema, kwa sababu ilikuwa inaharibu sura ya bampa.

Mtu huyu alikuwa amezungumza habari za kuvuta kila asubuhi mgahawani kwa miaka thelathini.

"Basi tutatembea," Arlys akasema.

"Maili sita, shemeji? Na hizi buti?" Zilikuwa za ngozi ya mbuni.

"Ng'ombe hawana hata buti."

Wakashusha. Kwa bahati alikuwemo Hulda, ng'ombe kikongwe aliyepanda njia ile mara kumi na mbili, na alipoona barabara hakungoja kuambiwa. Alitangulia, wengine wakafuata. Arlys alikwenda nyuma na fimbo, Duane pembeni kuziba njia za kutorokea. Ng'ombe waliokaa na joto ndani ya trela huhara, na walihara maili zote sita. Kufikia ya nne Duane hakuwa na rangi ya mbuni tena mpaka magotini, naye akawa hasemi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Walifika getini jua likiwa limegusa mlima. Mlinzi wa msitu, bwana mmoja mpole aitwaye Teague, alihesabu tisa, akahesabu tena, akaandika kwenye karatasi yake na kumpa Arlys nakala. Hulda alikuwa ameshaanza kula.

Na hapo ndipo Duane alipopata ulimi wake. Alianza kumweleza Teague, huku akikwangua mavi kwenye buti kwa kijiti, jinsi alivyomwonya shemeji yake tangu mwanzo. Ile ilikuwa injini ya mkate, alisema. Imezoea maandazi, ukiipa ng'ombe unatarajia nini? Lakini wanawake na ubishi wao. Angemsikiliza mwanamume, leo wasingetembea. Teague alitikisa kichwa kwa huruma, na Arlys akajua kwamba kesho kabla ya saa nne mgahawa mzima utakuwa umekula habari hiyo pamoja na mayai.

Arlys alikunja karatasi yake akaitia mfukoni. Teague akajitolea kuwarudisha chini, na njia nzima Duane, aliyekaa kiti cha mbele, aliizika ile injini upya kwenye kila kona. Aliomba hata chupa ya kutemea.

Walipofika kwenye pikapu bado kulikuwa na mwanga. Teague aliteremka nao kutazama, kama mtu yeyote angefanya. Arlys akaenda mbele ya gari la mumewe, akasimama kando ya boneti, wala hakuigusa.

"Duane," alisema, na hakumwita shemeji. "Fungua boneti. Mwonyeshe bwana Teague kazi yako."

Duane aliacha kutafuna. Shavu lake lilikuwa limevimba tumbaku na hakuwa na mahali pa kuitemea.

"Unaniita mwongo, Arlys? Mbele ya watu?"

"Bado," akasema Arlys. "Fungua kwanza."