Joto la Kuyeyusha Paa

Mjini Duluth, kaskazini mwa Marekani, hapakuwa na mtu aliyejua mambo ya barafu kumshinda Verlyn Haugstad, na hapakuwa na nyumba iliyoteswa na barafu kama yake. Bingwa wetu alikuwa na nadharia: acha wazi kifuniko cha tundu la kupandia darini, joto lipande, theluji iyeyuke juu ya paa, kazi kwisha. Kweli iliyeyuka. Maji yakateremka hadi ukingoni penye baridi, yakaganda yakawa ukuta. Yaliyofuata yakakosa njia, yakarudi nyuma chini ya vigae na kumdondokea mkewe Ardis kitandani. Verlyn akajaza chumvi kwenye soksi ndefu za mkewe, akazirusha kule juu ziyeyushe ukuta, zikaning'inia mpaka Machi. Majirani, kwa adabu zao, wakajifanya hawazioni.

Mwaka huu Ardis alisema mara moja tu, bila kupaza sauti: likimwangukia tone jingine, anahamia kwa dada yake Arizona. Verlyn akacheka, akabeba ndoano zake, akaenda ziwani kuvua samaki kwenye barafu siku tatu.

Alipoondoka tu, Ardis akamwita Joelle, fundi wa dari. Joelle akakuta matundu kila mahali: penye nyaya, penye mabomba, kando ya bomba la moshi. Akayaziba yote kwa povu, akamwaga pamba ya kuzuia joto ikafika magotini, akakifunga kifuniko kisipitishe hewa. Akamwambia Ardis kuwa miaka yote hiyo walikuwa wanapasha mbingu moto.

Jumapili Verlyn akarudi. Theluji ya jana yake ilikuwa imelala juu ya paa, nzima, haijayeyuka hata chembe. Akapiga hesabu yake ya zamani. Paa baridi ni nyumba isiyo na moto, na nyumba isiyo na moto haina mtu. Ardis kaondoka kweli! Akawatupa samaki, akakimbilia ndani analia, mwanamume mzima wa miaka sitini na tisa.

Ardis alikuwa jikoni, miguu peku, anakunywa kahawa.

"Nilidhani umeniacha," Verlyn akasema.

"Bado."

Machozi hayajakauka, bingwa akatazama juu, akaona kifuniko kimefungwa. Jamani, huyu mtu! Akaleta ngazi, akapanda, akakishika.

"Kifungue hicho, mzee wangu," Ardis akasema kwa upole, "na mimi nifungue mlango."

Nadharia ilikuwa ya miaka thelathini. Verlyn akakiachia kifuniko, akashuka polepole, akaketi, akaomba kahawa.