Maji ya Fiwi

Boga aliingia maabara na panga linalochuruzika damu, na adabu hakuisahau.

"Shikamoo, dada Mwanatatu."

"Marahaba."

Hiyo ndiyo Likoni ya Agosti 1997: mtu anakuamkia kwanza, kisha anakuchinja. Nyuma yake walisimama wenzake wanne. Kioko, muuguzi wa zahanati, mtu wa Ukambani, alilala sakafuni, bega limepasuliwa hadi mfupa ukaonekana. Wodini mlikuwa na wagonjwa tisa, na wote walikuwa wameapa kwa Kiswahili safi kwamba ni wa pwani.

"Damu haisemi uongo," Boga alisema. "Wewe ndiye mpima damu. Tuchagulie wabara."

Dawa ya kupimia makundi ya damu ilikwisha zamani. Siku hizi Mwanatatu alitumia maji ya chumvi aliyolowekea maharagwe mabichi ya fiwi yaliyopondwa. Chembe za damu zimevikwa vijisukari vilivyoshikamana na protini na mafuta. Maji ya fiwi huing'ang'ania sukari ya kundi A, damu ikashikana. Kabila halimo humo.

Boga alichovya kidole katika jeraha la Kioko, akadondosha tone juu ya kigae cheupe. Mwanatatu akatia maji ya fiwi. Damu ikawa madongedonge.

"Mwaona? Ya mbara yagandana!" Boga alipiga kelele. "Waleteni hao wengine!"

"Anza wewe," alisema Mwanatatu. "Tuione yetu ilivyo."

Boga akacheka, akajichanja kidole kwa panga lake mwenyewe. Tone lilitulia kidogo, kisha likashikana madongedonge vilevile kama la Kioko.

Kicheko kikakoma. Juzi askari walikuwa wamevamia maficho yao, na tangu hapo Boga na wenzake walikuwa wakimsaka msaliti miongoni mwao.

"Kumbe ni wewe!" alisema mwenzake, Mwinyihaji, na panga likamzamia Boga tumboni. Likapanda, likashuka tena. Kisha wote wakakitazama kigae, wakavitazama vidole vyao, na hakuna aliyethubutu kubaki apimwe. Wakatimua mbio.

Boga alianguka kando ya Kioko, matumbo yake mikononi.

"Dada... ulijua?"

Mwanatatu alikuwa amekwisha kupiga magoti, akililemea lile bega kwa kitambaa.

"Nilijua. Mwaka jana ulipokuja kumtolea mamako damu, nilokupima ni mimi."

"Nisaidie, dada."

Mikono alikuwa nayo miwili tu, na yote ilikuwa begani kwa Kioko.