Tano Kila Swali

Mimi ni muuguzi hapa Korogwe, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Juzi wanafunzi wa udaktari waliletewa dodoso la kupima kama wanapenda kujifunza kuzungumza na wagonjwa. Mmoja wao, Muhidini, mwenye koti jeupe lililonyooshwa kuliko la daktari mkuu, akajipa tano, alama ya juu kabisa, kila swali. Lile la kuheshimu mila za mgonjwa akalipigia na mstari.

Mbele yake alikaa mzee Keriako, mfugaji kutoka Mkata, akisubiri kupimwa. Mzee akanyoosha mkono amguse kichwani, kama wazee wa Kimasai wanavyowasalimia vijana. Muhidini akaruka nyuma kama kaona nyoka. Shikamoo hakuitoa. Akaandika kwenye faili: "Mgonjwa amechanganyikiwa, ana vurugu."

Jana matokeo ya dodoso yalitoka. Muhidini kaongoza, na Jumatatu atatufundisha sisi wauguzi namna ya kuongea na wagonjwa.

Asubuhi hii wodini, alikolazwa, nikiwa nambadilishia mzee Keriako shuka, akaniuliza taratibu, kwa huruma kabisa, kama yule kijana ni yatima.